Hawakuwa Wafu

Shemhilu aliandika "wamekufa" kwa kalamu nyekundu,
akavua koti lake jeupe,
akaenda kula chapati kwa Mama Tunu.

Nikabaki mimi, hadubini, na ukaidi wangu.

Mwatiko dume tuliyemkamua alfajiri
kwenye mabwawa ya Sahare
alitoa matone mazito, meupe kama tui la kwanza.
Nikachungulia: mbegu elfu juu ya elfu,
vichwa vimelala, mikia imenyooka,
mji mzima umekatiwa umeme.

Nikajiuliza, maji haya ya kuzimulia yametoka wapi?
Bombani.
Maji ya Mabayani, maji ya Mto Zigi
yaliyoteremka Amani na harufu ya majani,
matamu kwa chai, mazuri kwa nywele,
na kwa mwana wa bahari ni sumu ya upole:
humwingia bila hodi,
humvimbisha hadi ngozi ikaachia.

Kilikuwa kimesalia kichupa kimoja barafuni.
Nikashuka mwenyewe hadi kwenye mikoko,
suruali magotini, tope likininyang'anya ndala,
nikachota kikombe cha bahari.

Tone moja la mbegu. Matone mia ya bahari.
Jicho kwenye lenzi. Saa ya simu nikaibonyeza.

Mpaka hapo walikuwa ndani ya maji ya baba yao,
chumvi ya kadiri, mizani ya tumboni
iliyowaambia: tulieni, bado.
Ghafla nje pakawa pakali kuliko ndani.
Maji yakawatoka kufuata chumvi,
wakanywea kidogo,
potasiamu iliyobaki ikasongamana chumbani,
kalsiamu ikapata upenyo,
na mkia wa kwanza ukapiga.

Wallahi nilipiga kelele, peke yangu, mtu mzima.

Wa pili. Wa kumi. Sikuhesabu tena.
Kioo kilichemka kama mtama sufuriani.

Dakika ya kwanza, mbio.
Ya pili, wanazunguka palepale
wakitafuta tundu la yai ambalo sikuwapa,
na hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.
Ya tatu na nusu, mmoja tu,
anatikisa kichwa kama anayekataa bei.
Kisha kimya.
Kimya hiki sikukibishia.

Nikamkumbuka kaka yangu Mhina, kule Pongwe,
mwaka wa nne sasa anatazama ukuta
tangu korona ya mkonge inyamaze
(mashine, si maradhi).
Majirani husema: yule amekwisha.
Sisemi kaka yangu ni samaki.
Nasema tumemmiminia nasaha, tamu, tamu,
miaka yote minne,
kutoka bomba lilelile.
Chumvi yake siijui. Sijawahi hata kuiuliza.

Shemhilu akarudi, vidole vinang'aa mafuta,
akainama kwenye lenzi, akaona kioo kimetulia.
"Si nilikwambia?"

Sikumjibu. Nilifuta kioo kwa ncha ya kanga,
nikatia tone jipya,
nikashika kikombe cha bahari juu yake.

"Usipepese," nikamwambia.
"Una dakika mbili."