Bunduki Hula

Msimu ule korosho zilinipa magunia kumi na manne,
tisa daraja la kwanza. Yaliyobaki tuyaache.
Fedha iliingia kwenye simu usiku, nimelala.
Niliisoma mara tatu,
nikailaza simu kifudifudi
kana kwamba zile namba zingemwagika.

Baba aliwinda kwa gobole:
baruti, kipande cha nondo, dua,
na mti wa kuparamia, dua ikichelewa.
Mimi nilitaka chuma chenye namba ubavuni,
chenye karatasi,
chenye jina langu polisi.

Nikatoka Mihumo alfajiri kwa baiskeli.
Pale kituoni Liwale koplo Ngwinje alizitoa ghalani,
bunduki mbili za marehemu Ligomba,
akazilaza mezani juu ya magazeti ya zamani,
akahesabu risasi kwa ncha ya kalamu.
Mjane, Bi Somoe, alikaa kwenye benchi
kama mtu aliyeleta mbuzi mnadani
na hataki kumtazama machoni.

Ile kubwa ilikuwa tatu-saba-tano.
Nilipoiinua ilinivuta mbele
kama ndoo iliyojaa.
Milioni nne.
Ile ndogo, thelathini-sifuri-sita,
vanishi imebanduka, mkanda umeshonwa kwa uzi wa viatu.
Milioni moja na laki nane,
na maelewano yapo.

"Nyati," nikasema.
Neno lilitoka lenyewe.
Tayari nilishajiona: mguu juu ya pembe,
kijiji kizima kimekuja na visu na mabeseni.

"Nyati, sheria inataka hiyo kubwa,"
koplo akasema, bila kuinua kichwa.

Bi Somoe akafungua fundo la khanga.
Maganda manne ya shaba yakaanguka mezani.
"Hayo ndiyo yote.
Miaka kumi na tisa, hiyo kubwa imelia mara nne.
Risasi moja ilikuwa bei ya mfuko wa sembe.
Anayeogopa bei hafanyi mazoezi,
na asiyefanya mazoezi humpiga nyati tumboni,
kisha inambidi amfuate vichakani, maana damu inamwita,
na kule vichakani..."
Akaacha hapo. Akayapanga maganda, moja moja, mstari.
"Bunduki hula, baba.
Kabla hujauliza inaua nini,
uliza inakula nini."

Feni ilizunguka. Koplo akakohoa.

"Hiyo ndogo aliilisha," akasema tena, sauti imeshuka.
"Alipiga mapapai, alipiga vichuguu, alipiga debe
mpaka majirani wakalalamika.
Ndiyo iliyotuletea pofu.
Pofu ni mzito kuliko nyati, ila hana kinyongo.
Risasi nzito, karibu, nyuma ya mkono wa mbele.
Ukiona shaka, rudi nyumbani ule mlenda."

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya chama cha msingi:
leseni, kibali,
kabati la chuma lenye kufuli,
risasi arobaini, thelathini kati yake za kupoteza kwenye vichuguu,
salfa ya msimu ujao,
sare za Mwajabu.
Ile kubwa haikuingia hata kwa ubavu.
Nikasaini ile ndogo, na bega langu,
siwezi kusema uongo,
likashusha pumzi kabla yangu.

Huu mwezi wa tano. Karatasi bado inatembea,
wilayani, mkoani, tena wilayani, muhuri umefifia.
Bunduki inalala kituoni.
Siku za Ijumaa hupita kuiona,
na koplo siku hizi ananiita mkwe:
"Mkwe, mahari haijakamilika."
Nyumbani nashika mti wa muhogo,
navuta pumzi, naiachia nusu,
kidole polepole,
hadi mke wangu anauliza kama nimeugua.

Ganda moja Bi Somoe alinipa.
Mwajabu amelifanya filimbi.
Hutoa sauti nyembamba sana,
na mbwa wa jirani, popote alipo,
husimama.