Kilo Kumi na Tisa

Nauza nyama hapa Blaenau, kaskazini mwa Wales,
bucha la pili ukitoka stesheni.
Miaka ishirini, na mikono yangu imekuwa mizani:
nipe paja la kondoo, nitakutajia uzito wake
kabla mshale haujatulia.
Ndiyo maana dukani kwa Idwal sikusoma vibandiko.
Niliinama, nikashika fremu katikati, nikainua.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nyekundu ya kuita.
Shokapu mbele, shokapu nyuma, gia ishirini na moja,
na radi ya njano imechorwa ubavuni.
Mabli akashusha pumzi kama aliyeona keki.
Nikainua: kumi na tatu na ushei.
Nikamwinua na Mabli, palepale, mbele ya watu:
kumi na tisa, pamoja na buti zake za mvua.

Hesabu ilinikaa kooni.
Ni kama mimi nipande Moelwyn
nikiwa nimembeba Nerys mgongoni, naye hataki kwenda.
Nerys alisikia. Hilo tulilimaliza nyumbani.

"Mkalishe," alisema Idwal.
Mabli akakaa, akajirusharusha kitini
kwa nguvu zote za miaka sita.
Springi haikuwa na habari.
Shokapu inayongoja mtu mzima aikalie
ni uzuri wa mkakasi: rangi nje,
ndani kipande cha mti, na wa kukibeba ni mtoto.

Nerys akaelekea kwenye kubwa zaidi. "Atakua nayo."
Sweta, sawa. Sweta hukunjwa mikono.
Baiskeli utaikunja wapi?
Ncha za buti zilining'inia hewani,
zikiitafuta sakafu kama anayetafuta swichi gizani.

Kisha breki. "Nyosha vidole, Mabli."
Alinyosha. Kimoja kikafika, kikateleza.
Nikaukumbuka mteremko nyuma ya kanisa,
vifusi vya mawe ya vigae pande zote mbili,
meusi, yenye makali, yamelowa tangu Septemba,
na breki ikawa ndiyo kitu cha pekee dukani.

Idwal hakubisha. Aliingia stoo,
akatoka na moja ya kijivu, imechubuka,
matairi manene, gia nane tu, uma mkavu usio na shokapu.
Kwenye fremu utepe wenye jina: OSIAN,
mtoto wa Dolwyddelan aliyerefuka kwa kiangazi kimoja.
Nikainua. Mkono ukapanda peke yake,
kama unapodhani ndoo imejaa, kumbe tupu.
Saba na robo.
Vidole viwili vikalala juu ya breki, vikaizunguka.
Buti zikagusa sakafu.

Bei? Imechubuka, na bado inaipita ile mpya!
Niliigeuza kuwa mbavu, nikaigeuza kuwa soseji,
kila nilivyoigeuza haikupungua.
Nililipa.

Mabli hakusema kitu njia nzima.
Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha gari,
na mvuke wa pumzi yake ukachora duara, ukafuta, ukachora.
Nani amlaumu? Mimi nilipima kwa mkono,
yeye alikuwa amepima kwa jicho, na jicho halina kilo.
Siku nne baiskeli ilisimama ukumbini
kama mgeni ambaye hajakaribishwa chai.

Jumamosi manyunyu. Bucha nimefunga saa nane.
Nikawasikia nyuma ya kanisa, nikaenda:
Mabli anapanda, amesimama juu ya pedeli,
ulimi nje, mnyororo unaimba gia ya chini.
Alifika juu. Hakunitazama.
Akageuza, akashuka, vidole viwili juu ya breki,
tairi la nyuma likirusha tope hadi kofiani,
akasimama pale alipotaka kusimama.

Ndipo nilipoiona, ubavuni, chini ya plastiki na gundi:
radi ya njano, imekatwa kwa mkasi, imepinda kidogo.
Nikainama karibu. Karatasi naijua.
Upande mmoja wa radi, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
bado ilisomeka: MBAVU, KWA KILO.