Ubao wa Mita Mbili

Saa tatu asubuhi nashuka Manafwa na daftari,
kalamu nimeifunga uzi shingoni kama filimbi.
Ubao wa kupimia umesimama palepale,
mweupe, namba nyeusi, miguu mikavu.
Mbuzi wa Neumbe anajikuna kwenye sentimita arobaini.

Miaka kumi na minne nausoma.
Naujua mto ukiwa mnene: hausemi.
Unapita darajani kifua mbele,
rangi ya chai ya maziwa,
umebeba mgomba mzima na mkungu wake,
na mtu akiniuliza habari nanyoosha kidole tu.

Mto mwembamba ndio unaoongea.
Debe tupu, husema watu, haliachi kuvuma,
lakini mimi nimechutama nikausikiliza:
unahesabu akiba kwa sauti ya chini,
jiwe baada ya jiwe,
unapotea, unaanza tena, moja.

Kwanza hujigawa. Nyuzi tatu:
mmoja kwa akina Wamono,
mmoja unafia mchangani bila matanga,
wa tatu unajipenyeza chini ya ukingo wa mashariki
pale ulipolila shamba la marehemu Mugide.
Sasa unalitapika. Changarawe. Mpini wa jembe.
Kandambili ya mtoto, ya kushoto.
Nguzo ya daraja la zamani
ambalo baba aliapa kwamba lilikuwapo
nasi tukamcheka hadi akaacha kulitaja.

Kisha huwa msafi, na hili hunichoma.
Ukiwa na vingi unaficha vyote;
umebaki na kikombe, unakuonyesha mpaka kitako.
Kambare wamesongamana dimbwi moja,
migongo nje, wakimeza hewa.
Watoto wanawazoa kwa beseni
bila ndoana, bila ustadi, hata bila kelele.
Kamongo peke yake aliusoma mto kabla yangu:
tangu Desemba amejizika topeni, amefunga mlango.

Lori la Khaukha linaingia mpaka katikati,
pale ng'ombe wawili walipochukuliwa mwaka juzi.
Anazima injini, anawasha redio,
vijana wanapakia mchanga hadi jua la utosi.
Usiku maji hufika kwenye mashimo yao
na hayawezi kupita kabla ya kuyajaza.
Asubuhi wanachimba mengine.
Huko chini, Butaleja, wenye mpunga wananipigia simu:
"Mwenye ubao, mto umefika wapi?"
Nawaambia umelala njiani.
Wanakata bila kuaga. Siwalaumu.

Fomu ina safu ya mafuriko, ina safu ya mvua,
ina kisanduku cha maoni kisichotosha jina langu.
Ubao unasema sifuri.
Sifuri ni ya ubao. Mto umehamia ng'ambo,
hatua ishirini na tatu kutoka kwenye namba,
unapita huko bila kusomwa na yeyote.
Nilivua viatu nikaufuata.
Ulinifika kwenye vifundo,
ukanizunguka kama ninavyoizunguka meza ya mtu ninayemdai.
Nikaupima kwa mkono: shubiri moja, vidole viwili.

Saa kumi na moja jioni Neumbe anafukua mchanga kwa kata,
mahali ambapo mimi ningeapa hapana kitu.
Anangoja. Unyevu kwanza,
kisha jicho dogo linafumbuka,
linajaa, baridi kuliko maji ya juu.
"Unashangaa nini?" ananiuliza. "Ulidhani wote ni ule unaoung'aa?"
Kumbe sehemu ya mto ilikwisha kushuka ghorofa ya chini,
inatembea gizani kati ya punje na punje,
pole, bila daraja, kuelekea kulekule.

Nimeandika: shubiri moja, vidole viwili, upande wa pili.
Na chini ya mchanga, sijui.
Huko Entebbe watakata kwa wino mwekundu;
shubiri si kipimo, na sijui si namba.
Nimeiacha hivyohivyo.
Mbuzi amerudi kujikuna, sentimita arobaini kamili.