Mshono wa Ndani

Mto wao wameuita Tasa,
na kila shimo lake lina mimba ya samaki.
Sijui nani alimkosea nani hapo mwanzo.

Bwawa la Verlon halina jina.
Liko nyuma ya ghala la tumbaku lililoinama,
maili tisa kutoka Bowling Green,
na uso wake huuoni:
mayungiyungi yamelala jani juu ya jani,
chini yake mierezi aliyoizamisha mwenyewe
mwaka aliooa, akaifunga matofali miguuni.
"Huko," anasema, na kidevu chake kinaonyesha
mahali ambapo mwenye akili hatupi kitu anachokipenda.

Mikono yake siku hizi hutetemeka.
Kahawa humwagika kabla haijafika.
Ndiyo maana Jumapili, nikitoka zamu ya usiku
ya kushona viti vya magari nisiyoyaendesha,
napitia kwake kumtungia ndoana.

Nyungunyungu ya mpira,
rangi ya zabibu iliyoiva kupita kiasi,
inanukia shamari na chumvi, inateleza kama ulimi.
Ncha naiingiza puani, robo ya kidole, naitoa kidevuni.
Naivuta ndoana mpaka shingo yake izame kichwani,
naigeuza,
napima kwa jicho mahali tumbo litakapokaa
(hapa usikosee: nyungunyungu iliyojikunja
huzunguka majini kama mlevi,
hata samaki mjinga ataicheka),
kisha nairudisha ncha ndani ya nyama,
ipite, ichungulie mgongoni,
na juu yake navuta ngozi kidogo, kiasi cha unywele.
Pitisha kidole. Husikii kitu.

Mara ya kwanza Verlon aliigeuza geuza kwenye mwanga.
Nani kakufundisha?
Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha viraka:
Uvira, cherehani ya mkono, magauni ya harusi.
Pindo ambalo uzi wake ukionekana, hulipwi.

Yaliyobaki kanifundisha yeye.
Risasi itangulie kichwani, ifungue njia.
Mshipi uwe wa kusuka, mnene,
maana humo utamvuta samaki pamoja na shamba lake.
Usitupe mbali. Tupa karibu, kimya,
kwenye tundu la upana wa sahani.
Ikipanda juu ya tawi usipigane nalo,
itikise kama unayemwamsha mtoto wa mwenzio,
itashukia upande wa pili.
Ndoana iliyo wazi ingekuwa imeshakamata nusu ya bwawa.

Samaki mwenyewe wanamwita basi.
Nilicheka hadi nikakaa kwenye ndoo.
Kwetu basi ni gari, basi ni tosha,
basi ni neno la mama akizima taa.
Verlon akalitafuna kama tumbaku: basi, basi.

Leo kanipa fimbo.
Tundu la tatu, mshipi ukagongwa mara mbili,
kama jirani asiyetaka kuamsha nyumba,
ukaanza kutembea kando, kuelekea mierezi.
"Ngoja."
Kungoja nakujua. Nyarugusu, miaka kumi na mmoja,
foleni ya unga, foleni ya karatasi.
"Sasa!"
Nikavuta kwa mgongo wote,
kwa sababu ncha lazima itoboe kwanza
mwili ulioificha.

Akaja na kilemba cha majani,
mdomo ungemeza ngumi yangu.
Verlon akamshika kwa dole gumba kwenye taya,
na mkono wake ukatulia,
au samaki alikuwa anatetemeka kwa niaba yake, sikujua.
Akamwachia. Maji yakajifunga.

Nyungunyungu ilikuwa imechanika puani.
Nikaomba kiberiti, nikaiunganisha kwa moto,
ikabaki na kovu jeusi.
Nikaificha ncha tena.

"Basi?" akauliza Verlon, akiinua kofia,
akijivunia neno lake.

Bado, nikamwambia.
Hilo nalo itabidi ajifunze.