Kuota

Mara ya kwanza nilijishonea kifuko cha choroko.
Nikakipima kwa mizani ya muuza nyanya:
nusu kilo na punje kidogo,
sawa na ziwa lililobaki.
Ilikuwa Februari, Tandika inatokota,
unajifuta maji ya kuoga, kumbe ni jasho.
Siku ya tano kitu kikanitekenya.
Nikafumua mshono:
choroko zimeota.
Vijimizizi vyeupe, vimejikunja,
vinatafuta njia kifuani kwangu.

Nilicheka mpaka Mwanahawa akaja mbio toka uani.
Halafu nikaacha kucheka.

Sasa natia sufi. Sufi haioti.
Ila ni nyepesi, bega linapanda,
nikaichanganya na vifungo vya makoti
ya wateja ambao hawakurudi kuchukua nguo zao.

Alhamisi nina picha.
Kila miezi sita, na kila mara kama ndiyo ya kwanza.
Tangu Jumapili nikisinzia naota,
na ninachoota ni kwamba kimeota.
Kiswahili chote hiki, na utajiri wake wote,
kimekosa neno jingine la kutusitiri?

Nikikohoa, ni mapafu.
Mgongo ukiuma, ni mfupa
(na mgongo wa fundi cherehani uliacha lini kuuma?).
Mchana nazungusha futi vifua vya watu,
arobaini, arobaini na mbili, pumua dada,
naandika inchi daftarini.
Kule wao wanaandika milimita.
Usiku vidole havinitii:
kwapani, kwenye kovu, kwapani tena,
kama mgambo aliyeahidiwa bakshishi.

Wanasema, mwachie Mungu.
Nimemwachia.
Saa nane za usiku ananiamsha nimshikie kidogo.

Siwema, niliyekaa naye benchi moja siku zile za mionzi,
yeye alikuwa akihesabu vigae vya sakafu.
Alifika mia mbili na kumi, akaitwa.
Namba yake ninayo bado. Sipigi.
Nisipopiga, hajaacha kupokea.

Mimi vigae sivihesabu. Mimi napinda.
Usiku wa kuamkia picha, luku imeisha,
nawasha tochi ya simu,
nachukua sketi ya shule ya Mwanahawa,
naikunjia upindo mnene, wa kufumua mwakani,
ndani yake mwingine, wa mwaka unaofuata,
na ndani ya huo, mwingine tena.
Asubuhi anaipima kwa mkono, anaguna:
"Mama, hii nitaivaa mpaka niolewe?"
Sijibu. Namfunga zipu.

Ocean Road, chumba cha mashine,
baridi ya kuhifadhia samaki.
"Vuta pumzi," kijana anasema nyuma ya kioo.
"Izuie. Usitikisike."
Nimeizuia tangu Jumapili, mwanangu,
lakini hilo simwambii.

Majibu Jumanne.

Natoka, najibanza ukutani na wenzangu,
kanga begani, naota jua.
Kumbe na huku nako ni kuota.
Zile choroko, hata hivyo, sikuzitupa jalalani.
Nilizimwaga karibu na bomba, zikatambaa, zikazaa.
Tulizila na wali, kwa nazi,
na sikumwambia mtu zilikotoka.

Simu inalia. Mama Nuhu, wa sare ya harusi.
"Fundi, gauni langu lini?"
Mafundi tunajulikana kwa tarehe zetu.
"Jumamosi," nasema.
"Jumamosi ya kweli?"
"Njoo na viatu utakavyovaa," namwambia,
"nijue urefu."