Kutambaa

Kidawa kaiweka sabufa kitini,
pale pale ninapokaa kuchanganya muziki,
kaifunga mkanda kama abiria.
"Sasa tambaa," akasema.

Nikatambaa. Magoti kwenye kapeti la Leeds,
chumba cha chini ya nyumba, unyevu wa Novemba,
sikio karibu na sakafu kama msaka panya.
Noti moja tu, hezi arobaini na tano,
nzito, kama mtu anayeguna asiseme neno.

Pembeni besi imejazana, tope tupu.
Hatua mbili mbele, imekatika
kama maji ya bomba.

Miaka mitatu niliilaumu spika.
Nikaongeza, nikaongeza,
kumbe nimekaa shimoni,
na kilichonipita mimi
kilikuwa kikitikisa vikombe vya Bi Ackroyd huko juu.

Karibu na hita, shibiri nne kutoka ukutani,
noti ikasimama.
Si kubwa. Imetimia.
Kidawa akachora alama ya chaki
mbele ya pua yangu.

Ndipo ufagio wa Bi Ackroyd ukatugongea darini:
gu. Gu. Gu.
Tukatazamana, tukanyamaza.
Kila gu lilikuwa na mwanzo, na mwisho wake.