Mchepuo

Jumanne, saa tatu usiku, leseni ikabadilika.
Hakuna aliyepigiwa simu. Mstari mmoja tu
uliopakwa rangi ya ukarimu:
bado ni bure, isipokuwa.
Zbyněk aliisoma hiyo "isipokuwa" akiwa amesimama
jikoni kwake Olomouc, soksi mguu mmoja,
supu ya kabichi ikichemka hadi ikaungua.

Miaka tisa aliipalilia Pramen.
Alijua kila kichochoro chake: pale tarehe zinapokwama
kila mwaka mrefu, pale alipoandika kwa hasira
neno ambalo mkewe alimsihi alifute. Hakulifuta.
Programu ya kutunza orodha za vitabu, za wagonjwa, za mbegu,
kitu kisicho na sifa, kama bomba chini ya barabara.
Kampuni iliikuta imesimama,
ikaijengea kibaraza, ikaweka bawabu.

Mwenye nguvu mpishe, wanasema.
Tulimpisha. Hawakusema tumwachie na jiko.

Usiku ule akanakili kila kitu, tangu mstari wa kwanza,
akakiita Potok, yaani kijito,
kwa kuwa Pramen ni chemchemi
na maji hayaombi ruhusa kuteremka.
Asubuhi tulikuwa sita:
Radmila wa maktaba ya mji, Bohuš fundi wa lifti,
dada wawili wa Košice, kijana wa Recife tusiyemjua sura,
na mimi, ninayejua kusahihisha maelezo na kuchemsha kahawa.

Wao wana wahandisi arobaini,
ghorofa zima jijini Praha, samaki wa rangi nyuma ya kioo.
Sisi tuna seva chini ya meza ya Bohuš.
Paka wake huiegemea apate joto.

Je, tutawapita?
Watu huuliza kana kwamba tumevaa namba migongoni.
Mwezi wa tatu tulikuwa nyuma matoleo manne.
Mwezi wa tano Bohuš alinyamaza wiki tatu; mamake alikuwa akifa.
Hakuna aliyeziba pengo. Hitilafu zikaota kama magugu,
mtu akatuandikia: mmekufa?
Mwezi wa nane wenzetu wakatoa toleo jipya,
zuri, niseme kweli, zuri sana,
na ndani yake, mstari wa mia nne na kumi na mbili,
nikakuta kiraka cha Radmila
neno kwa neno, hata kosa lake la tahajia.
Tulicheka hadi Zbyněk akakohoa.
Kisha hakuna aliyecheka.

Novemba, Radmila akapata barua yao. Mshahara mara tatu.
Ana mapacha, na paa linavuja. Akaenda.
Hatukumlaumu.
Nilimlaumu kidogo, usiku.

Theluji ikafunika reli za tramu.
Hospitali ya Šumperk ikahamia kwetu, si kwa mapenzi:
bei ilipanda. Hivyo ndivyo watu wanavyokuja.

Jumamosi, saa tano usiku, kikaingia kiraka.
Anwani ya nyumbani, jina la ukoo la upande wa mama,
mistari kumi na saba iliyonyooka
na kosa lile lile la tahajia.
Zbyněk alikisoma mara mbili.
Hakuandika asante, hakuuliza neno.
Akakipokea.
Chini ya meza ya Bohuš, nadhani,
paka akageukia ubavu wa pili.